Mwanga wa Polima Unapima Asidi ya Nani?

Kuveti mbili, vyombo vidogo vyenye kuta angavu, zimewekwa mbele ya taa ya bluu. Zina bafa ileile, yaani mmumunyo unaoshikilia pH isiyumbe, na mita ya pH, kipimo cha asidi ambacho namba ndogo ni asidi zaidi, inasoma 6.0 katika zote mbili. Kwenye ya kwanza kuna fluoresini, rangi inayong'aa kijani, iliyoachwa huru majini. Kwenye ya pili kuna fluoresini hiyohiyo, ila imefungwa kikemia kwenye minyororo ya polialilamini, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iliyojaa chaji chanya. Zichochee kwa mwanga wa nanomita 490, kisha 440, na uchukue uwiano wa mng'ao. Ya kwanza inajibu kwamba iko kwenye 6.0. Ya pili inaweza kudai iko kwenye 6.5.

Mita haina kasoro.

Rangi nayo haina kasoro.

Kwa wiki kadhaa swali hili limekuwa likinirudia kila ninaposoma ripoti inayosema "polima yetu inapima pH kwa mwanga". Inapima pH ya nini hasa? Ya maji yaliyo kwenye chombo, au ya ile nanomita moja inayoizunguka rangi pale ilipofungwa? Nimefikia kuamini kwamba karibu kila tatizo la polima hizi, na karibu kila uwezo wake, umo ndani ya swali hilo.

## Rangi ina sura zaidi ya moja

Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini mwaka 1871, na hadi leo ni miongoni mwa rangi zinazofungwa sana kwenye polima za kupimia asidi. Ikiwa imepoteza protoni mbili, inafyonza mwanga vizuri sana karibu na nanomita 490 na kuurudisha karibu wote: katika kila fotoni 100 inazofyonza, zaidi ya 90 hutoka tena kama mwanga wa kijani. Ikirudishiwa protoni moja, ufyonzaji wake unahamia kati ya 450 na 475 na uwezo wa kung'aa unashuka hadi karibu 37 kwa 100. Mpaka kati ya sura hizo mbili uko kwenye pKa, yaani pH ambapo sura hizo ziko nusu kwa nusu, ya takriban 6.4. Chini zaidi, karibu na 4.3, kuna mpaka mwingine: rangi inabaki bila chaji na mng'ao unafifia sana.

Rangi ya mwanga unaotoka haibadiliki sana. Sura zote mbili zinazong'aa hutoa kijani karibu na nanomita 515. Kinachozitofautisha ni mwanga unaoingia. Ndiyo maana fluoresini husomwa kwa kuichochea mara mbili na kupokea mng'ao mahali pamoja.

Uwiano huo una faida kubwa. Taa ikichoka, filamu ikiwa nene zaidi, rangi ikiwa chache upande mmoja wa seli, namba ya juu ya uwiano (490) na namba ya chini (440) zinapungua pamoja. Anayesoma mwangaza mmoja tu hawezi kujua kama asidi imeongezeka au rangi imeungua.

Kuna mtego ambao watu wengi hupita juu yake. Wakichora uwiano wa 490/440 dhidi ya pH, wanapata mkunjo wa S, wanachukua katikati yake na kuiita pKa. Siyo. Katikati ya mkunjo ingekuwa pKa kama namba ya chini ingepimwa mahali ambapo mng'ao haubadiliki na asidi. Fluoresini ina sehemu karibu na 460 ambako ufyonzaji wa sura mbili kuu unalingana. 440 si hapo, na hata hapo 460 mng'ao hautulii, kwa sababu sura zenyewe haziwaki sawa. Mlinganyo kamili ni pH = pKa + log[(R − Rchini)/(Rjuu − R)] + log(S), ambapo R ni uwiano uliosomwa, Rchini na Rjuu ni uwiano huo kwenye asidi kali na kwenye besi, na S ni mng'ao wa namba ya chini kwenye asidi kali ukigawanywa kwa mng'ao wake kwenye besi. Kuisahau S kunaweza kukuhamisha sehemu kadhaa za kumi za pH bila dalili yoyote.

Na upeo una kikomo. Kutoka asilimia 10 hadi 90 ya badiliko, rangi yenye pKa moja inahitaji takriban uniti 1.9 za pH. Kwenye pH 4.8, fluoresini yenye pKa 6.4 ina asilimia 2.5 tu ya sura ile inayong'aa sana. Iweke akilini namba hiyo.

## Kwa nini ifungwe

Rangi ndogo hutoroka. Hupenya utando, huoshwa na maji, hung'ang'ania protini, huhama kutoka chumba kimoja cha seli kwenda kingine. Polima haitoroki kirahisi. Inakaa ulipoiweka, na hilo peke yake lilitosha kubadilisha biolojia.

Mwaka 1978 Shoji Ohkuma na Brian Poole, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitaka kujua asidi iliyo ndani ya lisosomu, vile vifuko ambamo seli humeng'enyea takataka zake. Huwezi kuingiza elektrodi humo. Walichukua dekstrani, polima ya glukosi, iliyofungwa fluoresini, wakaiacha makrofaji za panya, seli za kinga zinazomeza vitu, ziimeze. Seli za wanyama haziimeng'enyi dekstrani kwa urahisi, kwa hiyo ilitua kwenye lisosomu na kubaki humo. Uwiano wa mng'ao ukawapa pH ya 4.7 hadi 4.8. Walipoongeza klorokwini, dawa ya malaria, au chumvi za amonia, pH ikapanda ndani ya muda mfupi.

Kipimo hicho kimesimama. Lakini tazama kilipatikana wapi: kwenye ncha ya chini kabisa ya upeo wa rangi, pale ambapo sura inayong'aa imebaki asilimia mbili na ushei. Kilichowaokoa ni ule mpaka wa pili wa 4.3, unaoendelea kubadilisha mng'ao pale wa kwanza unapoishiwa. Leo wengi wanaopima lisosomu hufunga kwenye dekstrani rangi ya Oregon Green, ambayo ni fluoresini yenye atomi mbili za florini na pKa karibu 4.7, ili mteremko wa mkunjo uangukie mahali panapopimwa.

Klorokwini haikuwa mfano wa kubahatisha. Ni besi dhaifu: inapenya utando ikiwa haina chaji, inapokea protoni ndani ya kifuko chenye asidi, inashindwa kutoka. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho kina kifuko cha asidi kinachomeng'enyea hemoglobini, na humo ndimo dawa hii hurundikana na kuua. Ndani ya kimelea sugu hairundikani kiasi hicho. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001, na nyuma ya maamuzi hayo kulikuwa na swali ambalo maabara zilikuwa zikibishania: je, kifuko cha kimelea sugu kina asidi tofauti?

Hapa ndipo polima ilipoonesha thamani yake. Mwaka 2000 kundi la mtafiti Paul Roepe lilitumia akridini ya machungwa, rangi ndogo ambayo yenyewe ni besi dhaifu, na kuripoti kwamba kifuko cha kimelea sugu kina asidi zaidi. Miaka miwili baadaye kundi lingine, la Liverpool, Uingereza, likapinga: rangi hiyo haikai kifukoni peke yake, na mng'ao uliopimwa haukuwa wote wa mahali palipodhaniwa. Mwaka 2006 Hayward, Saliba na Kirk, nchini Australia, wakarudi kwa dekstrani yenye fluoresini. Chembe nyekundu za damu hufunguliwa kwa mmumunyo wenye chumvi chache, dekstrani inaingia, chembe zinafungwa tena, kimelea kinaachwa kizivamie. Kikila hemoglobini kinakula na dekstrani. Jibu lao: pH ya kifuko haihusiani na usugu. Maelezo yenye nguvu zaidi yalibaki kwenye protini ya PfCRT, ambayo ikibadilika huisukuma klorokwini nje.

Ubishi wa miaka kadhaa, na kiini chake kilikuwa mahali rangi ilipokaa.

## Kuifunga dekstrani

Njia ambayo bado hutumika sana ni ya de Belder na Granath wa Uppsala, Sweden, iliyochapishwa mwaka 1973. Vipimo vyake ni vichache. Dekstrani gramu 1 inayeyushwa kwenye mililita 10 za kiyeyushi cha DMSO chenye matone machache ya piridini. Inaongezwa FITC, ambayo ni fluoresini yenye mkono wa aisothiosayaneti, gramu 0.1, kisha kichocheo cha bati, dibutilitini dilaureti, miligramu 20. Joto 95 °C kwa saa 2. Baadaye mmumunyo unamiminwa kwenye ethanoli, polima inashuka kama unga wa njano, inayeyushwa tena majini na kushushwa tena.

Yanayoharibika ni haya.

Maji. Dekstrani inanyonya unyevu wa hewa, na DMSO vilevile. Mkono wa aisothiosayaneti ukikutana na maji badala ya haidroksili ya sukari, umepotea. Kausha dekstrani kwenye ombwe kabla ya kuipima, na usitumie chupa ya DMSO iliyoachwa wazi mezani tangu juzi.

Rangi isiyofungwa. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kalibresheni kwenye kuveti haitaifichua: pKa yake inakaribiana na ya iliyofungwa, mkunjo unatoka mzuri. Kisha unaweka mchanganyiko kwenye seli, na rangi huru inakwenda inakotaka. Osha kwa ethanoli mpaka maji ya juu yasing'ae kabisa chini ya taa ya urujuanimno, kisha pitisha kwenye safu ya Sephadex G-25, chembe za jeli zinazotenganisha molekuli kubwa na ndogo, au dayalisisi (kuchuja kwa utando) gizani, ukibadilisha maji mara kadhaa. Macho hayatoshi, pima mng'ao wa maji ya nje kwa mashine.

Rangi iliyozidi. Mtu hufikiri rangi nyingi ni mwanga mwingi. Molekuli mbili za fluoresini zikikaribiana chini ya takriban nanomita 4 au 5, zinapokezana nishati, na moja ikiwa dhaifu nishati yote inapotelea hapo. Dekstrani ya daltoni 70,000 ina glukosi kama 430 na nusu-kipenyo cha nanomita 6 hivi. Rangi moja kwa kila glukosi 100 ni rangi 4 kwa mnyororo, na hapo pana nafasi ya kupumua. Ukifika 20 unalipia rangi inayozimana yenyewe, na kuzimana huko kunabadilika na pH, kwa hiyo mkunjo wako haufuati tena pKa moja.

Hesabu ya rangi kwa mnyororo ichukuliwe kwenye pH 9, ambako karibu rangi yote iko kwenye sura moja. Ila usiiache humo siku nzima, hasa kwenye joto. Kifungo chenyewe hulegea kwenye besi.

Kichocheo cha bati ni sumu. Glavu, chemba ya hewa, na taka zake zisichanganywe na viyeyushi vingine.

## Chaji inayohamisha mpaka

Sasa zile kuveti mbili. Dekstrani haina chaji, ndiyo maana inaaminika. Polialilamini ina amini nyingi zilizopokea protoni, na chaji chanya zake zinavuta sura ya fluoresini yenye hasi mbili na kuisukuma mbali protoni iliyo majini. Rangi inabaki bila protoni hata maji yakiwa na asidi zaidi. pKa inayoonekana inashuka.

Kiasi cha kushuka kinaweza kukadiriwa. Kwenye 25 °C, kila milivolti 59 za umeme wa pale rangi ilipo huhamisha pKa kwa uniti moja. Chanya milivolti 30 ni nusu uniti. Ndiyo ile 6.5 iliyosomwa kwenye maji ya 6.0. Polima yenye chaji hasi, kwa mfano yenye asidi ya akriliki, inafanya kinyume: inarundika protoni karibu na rangi, pKa inapanda, na kipimo kinadai asidi zaidi kuliko iliyopo.

Kwa hiyo je, kuveti ya pili imedanganya? Nilianza nikisema ndiyo. Sasa sina hakika kwamba neno hilo linafaa. Protoni karibu na mnyororo ule kweli ni chache kuliko katikati ya maji. Rangi imetoa taarifa sahihi kuhusu jirani yake. Kosa ni la anayeibandikia taarifa hiyo jina la maji yote.

Chumvi ndiyo inayolifanya jambo hili liume. Ayoni za chumvi hufunika chaji za polima, na umbali ambao chaji inasikika majini unapungua: karibu nanomita 3 kwenye chumvi ya milimola 10 kwa lita, nanomita 1 kwenye milimola 100, chini ya nusu nanomita kwenye maji ya bahari. Polima ileile, rangi ileile, pH ileile, na majibu matatu.

Jaribio la kulitambua ni rahisi na haligharimu kitu. Weka polima kwenye bafa ya pH 6.4, ongeza chumvi ya mezani iliyo safi kutoka milimola 10 hadi 500, na fuatilia uwiano. Lakini rekebisha pH kila baada ya kuongeza! Bafa ya fosfeti yenyewe hushuka kadiri chumvi inavyozidi, pKa yake ya pili ikitoka 7.2 kuelekea 6.8. Asiyerekebisha atadhani polima ndiyo imehama, kumbe ni bafa.

Kitosani inastahili aya yake, kwa kuwa wengi huikimbilia: inatokana na maganda ya kamba na kaa, ni rahisi, ina amini za kufungia FITC bila bati wala joto. Shida ni kwamba pKa yake yenyewe iko karibu 6.5, palepale inapopimia fluoresini. Chini ya hapo inayeyuka na kujaa chaji chanya. Juu ya hapo inapoteza chaji na kushuka kama ukungu mweupe, ukungu unaotawanya mwanga wa taa hadi kwenye kigunduzi. Katikati ya kipimo, kipimio kinabadilika umbo. Kama kifungio cha bidhaa ya kuonesha samaki ameharibika au la kwa macho, sawa. Kama chombo cha kupima pH kwa desimali, hapana.

## Filamu

Kwa wanaotaka kipande cha kutumbukiza majini, jeli ya poliakrilamaidi ndiyo mwanzo mzuri. Haina chaji ikiwa mbichi, maji yanaipenya, na ni nafuu.

Rangi lazima iwe na mkono unaoingia kwenye mnyororo wakati wa kuunga, yaani molekuli ndogo zinapoungana kuwa minyororo. Hapa kuna mtego kwenye katalogi: fluoresini O-akrileti inauzwa, jina lake linavutia, na haifai. Mkono wake umefungwa kwenye oksijeni ileile inayotakiwa kupokea na kutoa protoni. Rangi inabaki imejikunja, haing'ai inavyopaswa, na siku kifungo hicho cha esta kinapokatika majini inawaka kweli, ila imeshatoka kwenye jeli. Tumia aminofluoresini iliyofungwa akriliki kwenye nitrojeni. Aminofluoresini peke yake ni hafifu sana, kwa sababu elektroni za ile amini huzima mng'ao. Ikishakuwa amaidi inawaka. Hiyo inakupa zawadi ndogo: ambayo haikufungwa haionekani sana.

Kwa mililita 10 za bafa ya pH 7.4: akrilamaidi gramu 1, bisakrilamaidi gramu 0.03, rangi miligramu 0.5 iliyoyeyushwa kwanza kwenye tone la DMSO. Pitisha nitrojeni kwa dakika 15, maana oksijeni huzuia kuunga na jeli itabaki majimaji juu. Ongeza mikrolita 100 za amonia pasalfeti ya asilimia 10 na mikrolita 10 za kichocheo cha TEMED, koroga polepole, mimina kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa na milimita 0.1. Akrilamaidi ambayo haijaunga ni sumu ya neva na hupenya ngozi; glavu zisivuliwe mpaka jeli iwe imeoshwa.

Kwa nini miligramu 0.5 na si 5? Kwa unene huo, kiasi hicho kina ufyonzaji wa karibu 0.1 kwenye nanomita 490, yaani kinachukua karibu moja ya tano ya mwanga. Ukizidisha mara kumi, tabaka la mbele linakula sehemu kubwa ya mwanga wa 490, la nyuma linapata kidogo tu, huku mwanga wa 440 ukipita vizuri zaidi. Uwiano wako sasa unapima unene.

Na unene ni muda. Protoni zinasafiri kwa kutawanyika, kwa hiyo muda unakwenda na mraba wa unene. Milimita 0.1 inaweza kujibu kwa sekunde kadhaa, ikichelewa hadi dakika ikiwa bafa ya nje ni dhaifu. Milimita 1 ni mara mia ya hapo. Nimeona grafu za "mwitikio wa polepole wa polima" ambazo ni grafu za jeli nene tu.

Jeli isikaushwe, na isikae kwenye besi kali. Poliakrilamaidi kwenye besi hukatika polepole na kuacha makundi ya asidi. Baada ya hapo ina chaji hasi, inavimba, pKa imepanda, na mkunjo wa mwezi uliopita hauna kazi.

Wengine hufunga rodamini pembeni ya fluoresini iwe mshahidi asiyejali asidi. Wazo ni zuri, utekelezaji una miiba. Rodamini B hupoteza takriban asilimia 2 ya mng'ao kwa kila nyuzi moja ya joto. Fluoresini huungua haraka kuliko rodamini. Na zikiwa kwenye mnyororo mmoja, fluoresini inampa jirani nishati yake, kwa hiyo mwanga mwekundu nao unapanda na kushuka na asidi. Mshahidi akishalishwa na mshtakiwa, ushahidi wake unapungua uzito. Ziweke kwenye minyororo tofauti.

## Kalibresheni ifanyike nyumbani kwa polima

Mkunjo wa kwenye kuveti hauhami kwenda kwenye seli. Ndani ya seli kuna protini, chumvi nyingine, mnato mwingine.

Dawa inayotumika ni nigerisini, inayobadilishana potasiamu na protoni kupitia utando. Seli zenye polima huwekwa kwenye bafa yenye potasiamu nyingi, karibu milimola 140, pamoja na nigerisini mikromola 10. Kwa lisosomu huongezwa pia monensini, dawa ya aina hiyohiyo. Baada ya dakika 5 hadi 10, pH ya ndani inapaswa kulingana na ya nje. Badilisha bafa kati ya 6.5 na 4.0 kwa hatua za nusu uniti, soma uwiano kila hatua. Anza juu kwenda chini, kisha rudia pointi moja ya juu mwishoni. Isiporudi kwenye thamani yake ya mwanzo, ama rangi imeungua au seli zimekufa na kumwaga.

Neno "inapaswa" hapo juu limebeba mzigo mkubwa. Ni wachache wanaothibitisha usawa huo kwa njia nyingine. Wengi tunauchukua kwa imani na kuangalia kama mkunjo unapendeza.

## Polima inayokataa kupima

Kilichonigeuza mawazo zaidi ni polima ambazo haziteremki polepole kama fluoresini. Kundi la Jinming Gao, huko UT Southwestern, Dallas, lilizionesha mwaka 2011. Kila mnyororo una nusu mbili: moja ya polietilini glaikoli inayopenda maji, nyingine ya methakrileti zenye amini za daraja la tatu, na rangi chache zimefungwa kwenye nusu hiyo ya pili. Kwenye pH ya damu amini hazina chaji, zinachukia maji, minyororo inajikusanya kuwa miseli, vijidonge vya makumi machache ya nanomita. Rangi zimebanana ndani, zimezimana. Asidi ikivuka kizingiti, amini zinapokea protoni, zinasukumana, na miseli inasambaratika kuwa minyororo moja moja. Rangi zinaachana na kuwaka.

Jambo la ajabu ni upana. Rangi ya kawaida inahitaji karibu uniti 2 kuwaka kutoka asilimia 10 hadi 90. Hizi zinatumia takriban 0.25. Sababu ni ushirikiano: protoni ya kwanza ikiingia inalegeza miseli, ya pili inaingia kirahisi zaidi, na kuendelea.

Kizingiti kinapangwa kwa matawi ya kaboni kwenye amini. Kaboni nyingi, chuki ya maji zaidi, asidi zaidi inahitajika kuivunja: diisopropili huvunjika karibu na 6.3, dibutili kati ya 5 na 5.5. Changanya monoma mbili na utapata cha katikati.

Hapa lile kosa la mwanzo, polima kuhamisha pKa ya rangi, limegeuzwa kuwa chombo chenyewe. Rangi haijali asidi hata kidogo. Anayehisi ni polima; rangi inatangaza tu.

Gharama ni kwamba huwezi kuiuliza "pH ngapi?" Inajibu ndiyo au hapana. Na ndiyo zake za uongo zinajulikana. Ikipunguzwa sana kwa maji, chini ya ukolezi ambao miseli hushikamana, itawaka bila asidi yoyote. Ikiwa rangi ni indosiyanini ya kijani, rangi inayotumika hospitalini, albumini (protini) ya damu inaishika na kubadilisha mwangaza wake, hivyo jaribu kwenye plazma kabla hujaamini namba za kwenye bafa. Anayeripoti aandike kizingiti, upana kati ya asilimia 10 na 90, joto, chumvi na ukolezi wa polima. Bila hivyo vitano hakuna anayeweza kurudia.

Polima ya aina hii yenye indosiyanini na kizingiti cha 6.9 imefika kwenye vyumba vya upasuaji. Damu iko kwenye 7.4, na uvimbe mwingi wa saratani una asidi zaidi nje ya seli zake. Katika jaribio la Groningen, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 30 wa saratani za titi, kichwa na shingo, umio na utumbo mpana walidungwa kabla ya upasuaji. Kwa wagonjwa 9 ambao ukingo wa nyama iliyokatwa ulibaki na saratani, mwanga uliuonesha kwa wote 9, na ukafichua vidonda vingine 4 ambavyo vingepitwa. Nyama iliyovimba kwa maambukizi nayo inaweza kuwa na asidi, kwa hiyo kila kipande kinachowaka bado kinapelekwa kwa mpatholojia, akikate na kukitazama kwa hadubini ya kawaida.